Udongo wa Kuoteshea Maua Nyumbani

Mara nyingi mtu arudiye Kisumu kutoka kwao huleta tawi la ua lililopandwa na mama yake. Hulichomeka katika debe lenye udongo mweusi wa Kano, hulitilia maji kila siku, na baada ya majuma mawili tawi limeoza. Hudhani kwamba ua hilo halipendi mji. Kumbe kosa ni la udongo.

Udongo wa Uwanda wa Kano una rutuba, nao hustawisha mpunga huko Ahero. Lakini chembe zake ni ndogo mno. Ukilowa huvimba na kushikamana. Ukikauka hupasuka na kukata mizizi michanga. Tawi lisilo na mizizi halihitaji chakula kingi, bali unyevu kidogo na hewa. Maji yakituama hewa hukosekana, na ukungu huingia katika jeraha la tawi.

Basi na ichukuliwe mikebe miwili ya mchanga mnene wa mtoni, uliooshwa mpaka maji yatoke safi, na mkebe mmoja wa mboji iliyooza vema na kuchekechwa. Mboji hufanywa kwa majani makavu na samadi. Hata gugu maji, lililoenea ziwani katika miaka ya 1990, lafaa. Ila kwanza likaushwe juani mbali na maji, maana kipande kibichi kikirudi ziwani huzaa tena.

Mchanganyiko huo utiwe maji kidogo, kisha upashwe mvuke katika sufuria yenye kifuniko kwa nusu saa, ili wadudu na ukungu wafe. Ukipoa, ufumbatwe mkononi: ukishikamana kisha ukavunjika kwa kuguswa, unafaa, ukitoa maji, uongezwe mchanga.

Debe litobolewe chini, na kigae kiwekwe juu ya kila tundu. Tawi la inchi 4 hadi 6 likatwe chini kidogo ya kifundo, majani ya chini yaondolewe, nalo liwekwe kivulini. Maji yatiwe udongo wa juu ukaukapo tu.

Tawi likivutwa polepole likakataa kung'oka, limeshika mizizi. Hapo lihamishiwe katika udongo wenye chakula zaidi. Na ndipo udongo wa Kano, ukichanganywa na mchanga na mboji, upatapo kazi yake.