Kidiaba wa Likasi hakuanza mapema

Mkipita jioni karibu na kiwanja cha mpira hapa Mulongo, mtaona jambo la kuchekesha. Mtoto mmoja akifunga bao, mpira wa matambara ungali unabingirika nyuma ya mawe mawili ya goli, golikipa wa upande wake anaikaa chini, ananyoosha miguu mbele na kuanza kuruka-ruka kwa makalio kama chura. (Mama zetu mtanisamehe, ndivyo anavyofanya.) Wengi wa watoto hao walizaliwa nyuma ya mwaka 2010. Mwenye mchezo huo hawakumwona akidaka hata siku moja, lakini wanalipiga jina lake kwa kelele: Kidiaba! Kidiaba!

Mwezi uliopita, nyuma ya ibada, kijana mmoja anayelinda goli la timu yetu ya vijana alinifuata hadi nyumbani. "Papa," akasema, "miye niko na miaka kumi na kenda. Benzangu banasema wakati yangu ilishapita, heri niende ku machimbo pamoja nabo. Ni kweli?"

Sikumjibu palepale. Nilimwambia anipe siku chache, na siku hizo nilizitumia kufikiri juu ya Robert Muteba Kidiaba.

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1976 Likasi, mji wa shaba ambao wazee wetu wengine wanauita Jadotville hata leo. Alikuwa na miaka 14 wakati mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ulipoporomoka katika Septemba 1990. Waliokuwa Katanga miaka ile hawahitaji kuelezwa. Mishahara ya Gécamines ilichelewa, kisha ikapotea. Katika 1992 na 1993 familia nyingi zilifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi, watu wakalala kwenye stesheni ya gari la moshi wakingoja kusafiri. Katika mji kama huo, wakati kama huo, nani angesema kwamba kijana wa palepale atakuja kutazamwa na dunia nzima?

Na hakukuja upesi. Timu kubwa za Ulaya zinatafuta watoto wa miaka 16 na 17. Kidiaba aliingia TP Mazembe mwaka 2002, akiwa na miaka 26. Rudia kusoma hesabu hiyo, kijana wangu.

Nisipite Mazembe bila kusema neno, maana wengi wanaoipigia kelele kule Kamalondo hawajui ilikotoka. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface, pale Elisabethville, walitaka kuwapa wanafunzi wao kazi ya kuchangamsha mwili. Wakaunda timu, wakaiita Saint-Georges. Ndiyo timu iliyokuja kuitwa Englebert, ikachukua Kombe la Afrika la mabingwa mara mbili, 1967 na 1968, na leo tunaiita Mazembe.

Kazi ya golikipa

Ni kazi ya uchungu. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja, tunambeba mabegani. Golikipa akidaka mara kumi na kuachilia moja, jina lake linazunguka sokoni wiki nzima. Wazee wanamkumbuka Kazadi Mwamba, golikipa wa Mazembe na wa Zaire. Katika Machi 1974, kule Cairo, alichukua Kombe la Afrika pamoja na wenzake. Miezi mitatu baadaye, tarehe 18 Juni, katika Kombe la Dunia kule Ujerumani, Yugoslavia ilifunga mabao 3 katika dakika 20 hivi, na kocha Vidinić akamtoa nje. Akaingia Tubilandu, naye akafungwa. Mechi ikaisha 9-0. Ukiwauliza watu juu ya Kazadi, wengi watakueleza zile dakika 20. Lile kombe la Cairo wanalisahau. Mimi naona ni dhuluma, lakini ndivyo tulivyo.

Ndiyo maana ile ngoma ya Kidiaba mimi sikuicheka sana kama wengine. Kipa hafungi. Furaha ya bao inatokea mbali naye, upande mwingine wa kiwanja, na wenzake wanakumbatiana huko. Yeye yuko peke yake. Basi akaamua kufurahi peke yake, palepale alipo, na msuko wake mrefu wa nywele ukiruka pamoja naye.

Mwaka 2009 alikuwa na miaka 33. Mwezi wa Machi, kule Abidjan, Kongo iliishinda Ghana 2-0 na kuchukua CHAN ya kwanza, na mwisho wa mwaka Mazembe ikawa bingwa wa Afrika. Mwaka 2010 ikarudia: Espérance ya Tunis ilipigwa 5-0 Lubumbashi, halafu 1-1 kwao.

Kisha Abu Dhabi, Desemba 2010, Kombe la Dunia la vilabu. Mputu hakuwapo, alikuwa amefungiwa mwaka mzima na FIFA. Mazembe ilianza kwa kuishinda Pachuca ya Meksiko 1-0. Tarehe 14 ikakutana na Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika ya Kusini, ambao ndani yao alikuwamo Muargentina D'Alessandro, mchezaji bora wa Amerika ya Kusini wa mwaka ule. Wabrazil walipiga kutoka kulia, kutoka kushoto, kwa kichwa, kwa mguu. Kidiaba alitema, alidaka, alilalia. Kabangu akafunga dakika ya 53, Kaluyituka dakika ya 85, na dunia nzima ikamwona mtu wa Likasi akiruka juu ya makalio. Timu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini haikuwa imefika fainali ile hata mara moja. Katika fainali, Inter Milan ya Eto'o ilishinda 3-0.

Alikuwa na miaka 34. Kwa wengine ndio mwisho. Yeye aliendelea hadi 2015: tarehe 7 Februari kule Malabo, siku sita baada ya kutimiza miaka 39, Kongo ilichukua nafasi ya tatu ya Afrika kwa penalti 4-2 mbele ya wenyeji, Guinea ya Ikweta. Kisha akafundisha makipa wa Mazembe, na nyuma ya uchaguzi wa Desemba 2018 akawa mbunge wa jimbo la Haut-Katanga.

Hayo yote nilimwambia kijana wetu. Nilimwambia pia upande wa pili, maana kumficha ni kumdanganya. Mazembe ni moja, na ilikuwa na pesa za rais wake Moïse Katumbi. Timu nyingi za nchi yetu hazilipi mshahara wa kulisha nyumba. Na Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao 9 katika lile Kombe la Afrika la 1974, hesabu ambayo hakuna aliyeivuka, alipigwa risasi mguuni na wanyang'anyi mwaka 1994, akakimbilia Afrika ya Kusini na kuishi huko katika umaskini. Alifariki Johannesburg katika Januari 2019.

Alinyamaza muda mrefu. "Na shule, Papa?"

Amebakiza mwaka mmoja wa sekondari. Tulipatana: asubuhi shule, jioni kiwanja, machimbo yangoje. Jumamosi wanacheza na timu ya ng'ambo ya mto, na ameniomba nisimame nyuma ya goli lake.