Njia ya Mwinyi Mkuu

Mgeni afikaye Unguja hupelekwa kwanza Forodhani. Huoneshwa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Kisha huoneshwa Ngome Kongwe na kasri ya masultani iliyofanywa makumbusho mwaka 1994. Akimaliza huko hupakiwa garini akapelekwa ufukweni, naye huondoka akiamini kwamba kisiwa hiki hakikuwa na mtawala kabla ya jahazi za Maskati kutia nanga. Kosa hilo si lake. Ni letu sisi tuliomtembeza.

Kabla ya masultani walikuwapo wafalme wa hapa hapa. Aliyekuwa mkuu wao katika sehemu kubwa ya Unguja aliitwa Mwinyi Mkuu, na raia zake walikuwa hasa Wahadimu. Tumbatu ilikuwa na mtawala wake mbali. Hivi karibuni niliifuata njia ya utawala huo pamoja na vijana wawili wa nyumbani kwangu, nao walikiri kwamba jina hilo walikuwa wamelisikia tu, hawalijui maana yake.

Tulianza pale pale Forodhani, kwa kuwa mapokeo yanasema Beit al-Ajaib imesimama palipokuwa na nyumba ya Malkia Fatuma. Malkia huyo alitawala mwishoni mwa karne ya 17, akashirikiana na Wareno, hata akawapelekea chakula walipozingirwa na Waomani katika Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia mwaka 1696. Mombasa ilipoanguka mwaka 1698 alichukuliwa mateka hadi Maskati, na baadaye akarejeshwa. Si lazima tumsifu kwa kuwachagua Wareno. Lakini mwanamke aliyetawala Unguja miaka 300 iliyopita hana hata kibao penye uwanja ambao kila jioni hujaa watu.

Kutoka hapo tukashika barabara ya Chwaka hadi Dunga. Kasri ya Dunga ilijengwa na Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed bin Hassan Alawi baina ya mwaka 1846 na 1856. Yaliyobaki ni magofu, lakini atazamaye unene wa kuta zile za mawe na chokaa hataona shida kufahamu kwamba aliyeishi humo alikuwa na amri juu ya watu. Na tuzingatie tarehe zenyewe. Sayyid Said alikuwa amekwisha kuhamishia makao yake Unguja, na mji ulikuwa mkononi mwake; mtawala wa zamani akajenga kasri yake shamba, katikati ya kisiwa, akiendelea kuwatoza Wahadimu kodi ambayo sehemu yake ilikwenda kwa sultani. Husimuliwa kwamba wakati mmoja Sayyid Said alimfunga, mvua ikakatika miaka mitatu, watu wakanung'unika hata akaachiliwa. Ukweli wa mvua anaujua Mwenyezi Mungu. Ninachokiona mimi katika kisa hicho ni kwamba watu wa mashamba walikuwa bado wakimhesabu kuwa ndiye wao.

Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alifariki kwa ndui mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, wala hakuacha mrithi wa kiume. Cheo kikaishia hapo.

Watembezaji wengi, wafikapo Dunga, husimulia jambo moja tu: kwamba watumwa walichinjwa ili damu yao itiwe katika msingi wa jengo. Sisemi kisa hicho kifichwe. Hapana ufalme uliojengwa bila ya jasho la wanyonge, na wa kwetu haukuwa na usafi wa kupita wengine. Mwinyi Mkuu naye alimiliki watumwa, na kodi yake ilimlemea mvuvi na mkulima. Lakini kumwachia mgeni hadithi ya damu peke yake, bila ya kumwambia nchi iliendeshwaje, ni kumfanyia mzaha yeye na kujidharau sisi.

Iliendeshwaje? Chini ya Mwinyi Mkuu palikuwa na masheha, na katika vijiji palikuwa na watu wanne, wazee walioamua mambo ya ardhi na ugomvi wa majirani. Masultani waliwakuta masheha, wakawatumia. Waingereza nao wakawatumia. Leo mwananchi wa Makunduchi au wa Mjini akitaka barua ya kuthibitisha makazi yake huenda kwa sheha wa shehia yake. Watumishi wa Serikali wanaoisoma safu hii wanalitaja neno hilo kila siku. Dunga ndipo pa kuelezea lilikotoka, na maelezo hayo hayahitaji fedha nyingi: bango moja la Kiswahili fasaha, na mtembezaji aliyefundishwa.

Liko jambo jingine. Ngoma na siwa za ufalme ule, zilizochongwa kwa ustadi mkubwa, zilihamishiwa Mjini zikawekwa katika makumbusho. Sidai zirudishwe penye magofu yasiyo na paa, kwani zitaoza. Bali wachongaji hodari tunao, wanaouza milango na masanduku kwa wageni. Na wapewe kazi ya kuchonga mfano wa siwa na ngoma zile, uwekwe Dunga katika chumba kimoja kilichoezekwa, ili mtoto wa skuli aone kilichopigwa pale alipotawazwa mfalme wake.

Tulimalizia Kizimkazi Dimbani, ambako mapokeo yanasema wafalme wa zamani waliwahi kukaa. Msikiti wake una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, ingawa jengo lenyewe lilifanyiwa matengenezo makubwa katika karne ya 18. Nilikwenda nikijiona msomi kwa vile nimehitimu chuoni, nikasimama mbele ya mihrabu, nisiweze kuisoma khati ile ya Kufi hata mstari mmoja. Vijana wangu walicheka, nami nikawaacha wacheke.

Msikiti ule bado unasaliwa. Atakayewapeleka wageni na aombe ruhusa kwa wenyeji kwanza, viatu vivuliwe mlangoni, na ikiwa adhana imekwisha kutolewa, wasubiri nje, chini ya kivuli, mpaka jamaa watoke.