Vyombo na Mapambo ya Kioo Yanayotengenezwa Nyumbani: Maswali Matatu kwa Mnunuzi na kwa Fundi

Chupa tupu iliyokuwa ikiishia jalalani imekuwa malighafi. Mjini Arusha, karakana ya Shanga imejulikana kwa kuwaajiri watu wenye ulemavu, ambao huyeyusha chupa zilizokwisha kutumika na kuzigeuza kuwa vyombo na mapambo. Nchini Kenya, karakana ya Kitengela Glass, iliyo kusini mwa jiji la Nairobi, hufanya kazi ya namna hiyo. Karakana hizo zina matanuri makubwa na mafundi waliofunzwa. Lakini sanaa ya kioo hufanywa pia majumbani: katika chumba cha uani, kwenye kibaraza au katika banda dogo lenye tanuri la umeme au mtungi wa gesi. Humo hutoka glasi zilizokatwa kutoka kwenye chupa, mabakuli, shanga, vinara vya mishumaa na picha za vioo vya rangi vilivyoungwa kwa lehemu.

Bidhaa hizi huwapatia watu kipato na kupunguza taka, nazo zinastahili kununuliwa. Hata hivyo, zina jambo moja linalozitofautisha na kikapu au kinyago. Uzuri wa kioo huonekana kwa macho, lakini usalama wake hauonekani. Glasi mbili zinaweza kufanana kwa kila hali, moja ikadumu kwa miaka na nyingine ikapasuka mkononi mwa mtoto wiki ya pili. Kwa sababu hiyo mnunuzi hana budi kuuliza, na fundi hana budi kuwa na jibu. Makala haya yanaeleza maswali matatu ya msingi na sababu ya kila moja.

Swali la kwanza: Kimetengenezwa kwa kioo gani?

Kioo cha chupa na cha dirisha hutokana na vitu vitatu vikuu: mchanga wenye silika, magadi na chokaa. Silika ni takriban asilimia 70 ya uzito wake. Magadi hupunguza kiwango cha joto kinachohitajika kuuyeyusha mchanga, na chokaa hukiimarisha kioo kisiathiriwe na maji. Ipo pia aina nyingine, kioo cha borosiliketi, kinachotumika kutengenezea vyombo vya maabara na baadhi ya vyombo vya kuokea.

Aina hizi hazitanuki kwa kiasi kimoja zinapopata joto. Fimbo ya kioo cha kawaida yenye urefu wa mita 1, ikiongezewa joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi, hurefuka kwa takriban milimita 0.9. Fimbo kama hiyo ya borosiliketi hurefuka kwa takriban milimita 0.33 tu. Vioo hivyo viwili vikiyeyushwa pamoja hushikamana vizuri vikiwa vya moto. Vinapopoa, kimoja husinyaa zaidi ya kingine, na pale vilipoungana hubaki mvutano usiokwisha. Chombo cha namna hiyo hupasuka siku hiyo hiyo au baada ya miezi, pengine kikiwa kimetulia juu ya kabati.

Hata chupa mbili za kawaida kutoka viwanda tofauti zinaweza kutofautiana kiasi cha kuleta madhara. Fundi wa nyumbani anashauriwa kutengeneza kitu kimoja kwa kioo cha chupa moja au cha bamba moja. Akitaka kuchanganya rangi, atumie vioo vya sanaa ambavyo mtengenezaji wake amevilinganisha kwa kiasi cha kutanuka. Aidha, vioo vya milango ya gari vilivyoimarishwa kiwandani havikatwi: vikiguswa kwa kifaa cha kukatia husambaratika vipande vidogo kwa mara moja.

Swali la pili: Kimepozwaje?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika sanaa ya kioo. Kioo kikitolewa motoni na kuachwa kwenye hewa, ngozi yake ya nje hupoa na kuwa ngumu mapema, wakati kiini bado ni cha moto. Kiini kinapopoa baadaye hutaka kusinyaa, lakini ngozi iliyokwisha kuwa ngumu hukizuia. Chombo hubaki na mkazo ndani yake, mithili ya waya uliokazwa mno. Mkwaruzo mdogo au kugongwa kidogo hutosha kuuachilia.

Dawa yake ni upozaji wa taratibu. Kioo cha chupa hurudishwa katika tanuri na kuachwa kwenye nyuzi 540 hadi 550 hivi, mpaka joto lienee sawasawa katika unene wote. Kisha joto hushushwa polepole. Kwa kipande chenye unene wa milimita 6, utaratibu wa kawaida ni kukiacha katika joto hilo kwa takriban saa 1, kulishusha kwa nyuzi zisizozidi 80 kwa saa mpaka kufikia nyuzi 370 hivi, kisha kuliacha tanuri lipoe lenyewe likiwa limefungwa. Kioo kinene zaidi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko mtu anavyodhani: unene ukiongezeka maradufu, muda unaohitajika huongezeka takriban mara nne. Kufukia ushanga wa moto katika majivu kunachelewesha kupoa, lakini hakuchukui nafasi ya tanuri.

Upo pia mtindo wa kukata chupa kwa kuifunga uzi uliochovywa katika mafuta ya taa, kuuwasha, kisha kuitumbukiza chupa katika maji baridi. Chupa hukatika kweli, kwa kuwa imepasuliwa na mshtuko wa joto. Mshtuko huo huo huweza kuacha nyufa ndogo zisizoonekana katika ukingo, yaani mahali ambapo mnywaji huweka mdomo. Njia iliyo bora ni kuikata chupa kwa kifaa cha kukatia kioo, kisha kuusaga ukingo kwa msasa huku ukiloweshwa maji, mpaka uwe laini na wa mviringo.

Mnunuzi anaweza kufanya uchunguzi mdogo. Awashe skrini ya kompyuta ya aina ya LCD ikiwa nyeupe, avae miwani ya jua ya polaroidi na kuinamisha kichwa upande mpaka skrini ionekane nyeusi. Chombo kikiwekwa kati ya macho na skrini, mabaka angavu au michirizi ya rangi huonyesha mahali palipo na mkazo. Uchunguzi huu hauthibitishi usalama wa chombo, lakini huweza kufichua kasoro kubwa.

Hata chombo kilichopozwa vyema kina mpaka wake. Tofauti ya ghafla ya nyuzi 40 hivi ndicho kipimo kilichozoeleka katika kuzijaribu chupa za kiwandani. Glasi iliyotoka kwenye jokofu ikimiminiwa chai inayochemka hupata mshtuko wa zaidi ya nyuzi 80. Glasi ya chupa iliyokatwa ni ya maji, sharubati na vinywaji baridi. Isitumike kwa chai wala uji wa moto.

Swali la tatu: Kimekusudiwa kwa matumizi gani?

Picha za vioo vya rangi huungwa kwa lehemu ambayo mara nyingi nusu yake, au karibu nusu, ni madini ya risasi. Baadhi ya rangi za kupaka kwenye kioo nazo zina risasi, na rangi nyekundu, za machungwa na njano huweza kuwa na kadimiamu. Shirika la Afya Duniani limetamka kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Madhara yake ni makubwa zaidi kwa watoto wadogo, kwa kuwa huathiri ubongo unaokua, na kwa wajawazito.

Risasi iliyo katika pambo la dirishani haimdhuru anayelitazama. Hatari huanza pambo hilo linapogeuzwa kuwa chombo cha chakula. Maji ya ndimu, ukwaju, siki na achari yana asidi, na asidi huyanyonya madini hayo kutoka kwenye rangi au lehemu na kuyapeleka katika chakula. Kuosha kwa sabuni hakuondoi hatari hiyo, wala ulimi hauwezi kuitambua. Hugunduliwa maabara. Kipimo cha kimataifa cha ISO 7086, kwa mfano, huagiza chombo kijazwe asidi ya asetiki ya asilimia 4, kikae kwa saa 24 katika nyuzi 22, ndipo maji hayo yapimwe kiasi cha risasi na kadimiamu.

Kwa hiyo fundi ambaye hajapima rangi zake asipake ndani ya chombo cha chakula, wala nje karibu na ukingo. Katika upimaji, milimita 20 za juu huhesabiwa kuwa ni sehemu ya mdomo. Bidhaa isiyofaa kwa chakula iandikwe wazi, kwa maneno yasiyofutika: “Pambo tu. Si kwa chakula wala kinywaji.” Mnunuzi asiyeona maandishi yoyote aulize, na asiporidhika na jibu, akitumie chombo hicho kama pambo.

Usalama wa karakana ya nyumbani

Mtu wa kwanza kudhurika kwa kioo ni fundi mwenyewe, na wa pili ni familia inayoishi naye. Vumbi jepesi la silika na la kioo huingia ndani ya mapafu. Vumbi la silika likivutwa kwa muda mrefu huleta ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba ya kuuponya. Kusaga na kukata kufanyike kwa maji. Meza na sakafu zifutwe kwa kitambaa kibichi, zisifagiliwe zikiwa kavu. Kitambaa cha kawaida usoni hakitoshi. Inahitajika barakoa ya kuchuja vumbi la viwandani, pamoja na miwani ya kinga. Kazi isifanyike jikoni, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Tanuri la umeme lina mahitaji yake. Soketi ya kawaida ya ampia 13 hubeba takriban kilowati 3. Tanuri linalozidi hapo, au linalowaka kwa saa nyingi mfululizo, liwekewe njia yake ya umeme na kikata umeme chake, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Kwa wanaotumia gesi ya mitungi, ikumbukwe kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: ikivuja hujikusanya chini, sakafuni na mashimoni. Mtungi ukae nje, umesimama wima, na chumba kiwe na matundu ya hewa chini na juu. Anayelehemu kwa risasi anawe mikono kabla ya kula, na asilehemu mahali ambapo chakula huandaliwa.

Haki na wajibu

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, inampa mnunuzi ulinzi ambao wengi hawaufahamu. Mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayokusudia, akategemea ujuzi wake, na bidhaa ikawa ni ya aina ambayo muuzaji huiuza katika biashara yake, bidhaa hiyo inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo usiseme tu, “Nipe bakuli lile.” Sema, “Nataka bakuli la kuwekea kachumbari.” Kisha omba risiti inayotaja bidhaa na matumizi yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Chombo kikipasuka bila sababu, hifadhi vipande vyake katika boksi, vipige picha na utunze risiti.

Kwa upande wa fundi, kuyajibu maswali haya matatu si mzigo wa kuua biashara changa. Fundi mdogo anaweza kupata ushauri na barua ya utambulisho kutoka Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), kisha akaliendea Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kuulizia upimaji na utaratibu wa alama ya ubora. Kabla ya hapo, aanze na daftari. Kwa kila awamu ya tanuri aandike tarehe, aina ya kioo, joto la juu, muda wa kupoza na rangi zilizotumika. Chombo kimoja kikirudishwa na mteja, daftari litamwonyesha ni vingine vipi vilitoka katika awamu hiyo, ili avirejeshe kabla havijamdhuru mtu.

Kwa kifupi, kabla ya kununua au kuuza:

1. Thibitisha aina ya kioo, na kwamba aina tofauti hazikuchanganywa ovyo.
2. Thibitisha kuwa kilipozwa taratibu ndani ya tanuri.
3. Thibitisha matumizi yake: chakula baridi, au pambo tu.
4. Pitisha kitambaa laini kwenye ukingo, kikinasa, usikinunue.
5. Soma maandishi, omba risiti, na uihifadhi.