Maikro-RNA na Ugonjwa wa Kiwele cha Ng'ombe

Ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe wa maziwa husababishwa hasa na bakteria, wakiwemo Escherichia coli na Staphylococcus aureus. E. coli mara nyingi huleta homa na uvimbe wa ghafla, S. aureus huweza kujificha kwa miezi, maziwa yakionekana safi machoni.

Bakteria wanapoingia, seli za kiwele hubadilisha viwango vya maikro-RNA, yaani vipande vya RNA vyenye nyukleotidi takriban 22. Vipande hivyo havitengenezi protini, bali huzuia jeni nyingine zisitengeneze zake. Kimojawapo, miR-146a, hupunguza makali ya kinga ili isije ikaharibu kiwele chenyewe. Kwa kuwa maikro-RNA hupatikana pia katika maziwa, watafiti wanachunguza iwapo zinaweza kufichua maambukizi mapema.

Hadi kipimo hicho kitakapofika zizini, mfugaji hutegemea kipimo cha California. Maziwa ya ng'ombe mgonjwa yasinywewe, kwani sumu ya S. aureus huhimili kuchemshwa. Na ya ng'ombe anayetibiwa kwa antibiotiki yamwagwe hadi siku zilizoelekezwa na daktari wa mifugo zipite.