Je, Wajua? Tabibu wa Karema

Je, wajua kwamba Karema, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, ilianza kama ngome ya Wabelgiji? Waliijenga mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Wamisionari wa Afrika. Lakini utamu wa Karema ni Adrian Atiman. Alitekwa angali mtoto karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani. Wamisionari wakamkomboa, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa huko huko, akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Heri yetu, aliyasimulia maisha yake mwenyewe, yakachapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ukiingia maktaba yenye majarida ya zamani, anza na hilo.