Mimea Ishirini na Tadbiri Moja

Watu wengi hudhani kwamba tadbiri mpya ya kutatua jambo gumu humjia mwerevu ghafla, kwa bahati au kwa kipaji, na kwamba aliyekwisha kuipata hana kazi nyingine ila kuitumia. Wataalamu wa elimu ya nafsi, waliochunguza kwa subira jinsi akili itendavyo kazi, wameona mambo kwenda vingine: njia mpya hutokana zaidi na kuyachuja yale yaliyokwisha kuwamo mkononi kuliko kuzua lisilokuwapo, na taabu ya kuipata aghalabu ni ndogo kuliko taabu ya kujua ni wapi itumike na ni wapi iachwe. Mfano wa hayo ulitokea mjini Birmingham, Uingereza, katika karne ya 18, na aliyeutenda aliuandika kwa kalamu yake mwenyewe.

William Withering, tabibu na mjuzi wa elimu ya mimea, alihamia Birmingham mwaka 1775. Mwaka ule ule aliulizwa rai yake juu ya dawa ya siri iliyowekwa na ajuza mmoja wa Shropshire, ambayo ilipata kuwaponya wagonjwa wa istiska, yaani watu waliovimba mwili kwa maji, baada ya matabibu kushindwa. Dawa hiyo ilikuwa na mimea ishirini au zaidi, na wanywaji wake walitapika na kuhara kwa nguvu. Withering hakuona taabu kutambua kwamba mmea wenye nguvu miongoni mwa yote hauwezi kuwa mwingine ila Digitalis purpurea, wenye maua ya zambarau, uotao wenyewe katika mashamba na vichaka vya nchi ile.

Lakini kuutambua mmea hakukuwa kuipata dawa. Mmea huo ni sumu, na baina ya kipimo kiponyacho na kipimo kiuacho hapana nafasi kubwa. Withering alikiri kwamba mwanzoni alitoa kingi mno na kukirudia upesi mno. Basi akaanza kuondoa, kimoja baada ya kingine, kila kilichoweza kugeuka bila ya yeye kujua. Mzizi aliuacha, kwa kuwa nguvu zake hubadilika kwa umri wa mmea, akachukua majani. Majani akayachuma wakati wa maua tu, ili yasitofautiane nguvu. Kuyachemsha akakuacha, akayakausha na kuyasaga, akampa mtu mzima kiasi cha miligramu 65 hadi 200 za unga wake, mara mbili kwa siku.

Hata hivyo lililo bora katika kazi yake ni kanuni aliyoiweka ya kukoma. Dawa iendelee, alisema, mpaka athari yake idhihirike katika mkojo, au katika tumbo, au katika mapigo ya moyo, au katika choo. Na itokeapo ya kwanza katika hizo, dawa isimame papo hapo. Fauka ya hayo alibainisha nani hafai kupewa: mwenye mwili wa nguvu, ngozi ya moto na mapigo yaliyokaza ni nadra kunufaika, ilhali aliyepauka uso, na mapigo yake dhaifu yenye kukatikakatika, alitarajiwa kupata nafuu. Leo twajua sababu: mwili huvimba kwa illa nyingi, za moyo, za figo na za ini, na dawa hii husaidia moyo. Withering hakuijua sababu hiyo kwa ukamilifu, lakini aliujua mpaka wa tadbiri yake, kwa kuwa katika kitabu alichokitoa mwaka 1785 aliwaandika wagonjwa zaidi ya 150, waliopona na wasiopona, akakataa kuwachagua wale wa kumpa sifa.

Mwendo kama huu, wa njia mpya kutokana na yaliyokwisha kuwamo mkononi, huonekana hata kwa watoto. Robert Siegler na Eric Jenkins, watafiti wa Marekani, walitoa mwaka 1989 uchunguzi wa watoto wa miaka minne na mitano waliokuwa wakijifunza kujumlisha. Mtoto aulizwapo mbili na tisa huanza kuhesabu moja, mbili, kisha huendelea hadi kumi na moja. Siku moja huanza na tisa, akasema kumi, kumi na moja, akamaliza. Ajabu ni kwamba ugunduzi huo haukungoja mtoto akwame, bali ulitokea hata katika hesabu rahisi alizokuwa akizipata. Na alipokwisha kuugundua hakuitupa njia ya zamani, bali zote zilikaa pamoja, mara akitumia hii na mara ile, mpaka iliyo nyepesi ikazoeleka.

Je, mtu achuje hata lini? Herbert Simon, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kwamba binadamu, kwa uchache wa wakati na maarifa, hatafuti njia bora kuliko zote bali huishia kwenye inayotosha. Na wahenga wetu walikwisha kusema kuwa mchagua jembe si mkulima. Lakini Withering alichuja kwa miaka kumi. Hapana hitilafu hapa, kwani mizani ni gharama ya kosa: anayechagua njia ya kwenda sokoni na atwae iliyo karibu, kwa kuwa akikosea atachelewa tu, ilhali anayepima sumu ya kumnywesha mgonjwa hana ruhusa ya kutosheka mapema.

Kwa hiyo mwenye jambo gumu na aulize kwanza kosa litamgharimu nini. Kisha aweke mapema, kabla tamaa haijamshika, ishara itakayomfanya aiache njia yake. Na katika daftari moja aandike ilipofaa na iliposhindwa, maana ushindi peke yake haumwonyeshi mtu mpaka wa tadbiri yake, na aliyeficha ushinde amejifichia mpaka huo.