Densi Hii Ni ya Nani?

Haya, sogeeni, na hizo simu mziweke chini kidogo. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina binti wa miaka 14, Jalaiah Harmon, wa Fayetteville karibu na Atlanta, Marekani.

Septemba 2019, Jalaiah alitoka shule, akafungulia wimbo wa K Camp uitwao "Lottery", akaanza kupanga hatua: mikono huku, mabega kule, kwa kasi ambayo magoti yangu hayathubutu. Akajirekodi, akaweka Instagram. Densi ikaitwa Renegade. Mwezi uliofuata mtu mwingine akaihamishia TikTok, akabadilisha kidogo mwishoni, na hapo moto ukawaka. Charli D'Amelio, msichana mwenye mamilioni ya wafuasi, akaicheza. Mastaa wakaicheza. Pengine hata dada zenu waliicheza uani. Wengi wakadhani ni ya Charli. Jalaiah akawa anaandika chini ya video za watu kwamba hii ni yangu, nitajeni. Wengi wakampuuza, wengine wakamcheka.

Msikimbilie kuwaita wezi. Wengi wao hawakujua kitu. Ukipakua video TikTok, jina linalobaki juu yake ni la aliyeiposti, si la aliyeibuni. Wachezaji wa Instagram na wa programu ya video ya Dubsmash walikuwa na desturi yao: ukicheza hatua za mwenzako, unamtaja. Ile densi ilipovuka kwenda TikTok, desturi haikuvuka nayo.

Wazee wetu wa pwani waliijua zamani hatari hii ya jina kupotea njiani. Mwana Kupona alipotunga utendi wa kumuusia binti yake, mwaka 1858, alilitia jina lake ndani ya beti zenyewe, pamoja na Pate alikozaliwa. Anayenakili utendi mzima hana budi kunakili na jina. Werevu ulioje! Lakini densi haina beti, picha haina beti, wala kichekesho cha sekunde kumi. Huko jina hufika tu kama wewe unayeshea umelibeba.

Februari 2020 gazeti la New York Times lilieleza densi ilikotoka. Siku chache baadaye Jalaiah alikuwa Chicago, akiicheza mbele ya umati kwenye mchezo wa nyota wa NBA. Alicheza pia na Charli, na Charli akamtaja. Baada ya hapo ikazoeleka TikTok kuandika "dc" (yaani "dance credit") na jina la aliyebuni hatua. Herufi mbili tu! Ndiyo maana mtu akiniambia hakupata nafasi ya kuandika jina, simwelewi.

"Sasa kama simjui mwenyewe?" Sema hivyo hivyo: simjui, anayemjua anitajie. Lakini usiandike "picha: Google". Google hakupiga picha yoyote hapo. Alikuonyesha tu ilipo. Na ukikuta jina pembeni mwa picha, usilikate ili ikae vizuri. Huko ndiko kuiba kwenyewe, na hapo sina huruma.

Kuna jambo jingine ambalo watu wazima wenyewe hulikosea. Kutaja jina si kuomba ruhusa. Jalaiah aliweka densi yake hadharani, alitaka ionekane; alichodai ni kutajwa. Lakini rafiki yako akiweka kwenye statasi picha ya mama yake kitandani hospitalini, ameiweka kwa wale aliowachagua. Ukiipiga skrinishoti na kuitupa kwenye grupu la darasa, hata ukimtaja kwa jina na la ukoo, umemkosea. Muulize kwanza. Akikataa, iishie kwako. Na kama alikubali kisha baadaye akaja kukwambia, "Nimeifuta yangu, naomba na wewe ufute," futa, hata kama yako imeshapata laiki mia mbili.